Atapona? Maswali yenu kuhusu majeruhi wa ajali na pafu la mashine

Ajali za barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, hasa kuanzia Salgaa hadi Mau Summit, pamoja na zile za boda boda mijini, zimetuletea barua nyingi zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti: majeruhi ambaye ventileta imeshindwa kumsaidia, je, pafu la mashine litamwokoa, na kuna anayeweza kujua mapema? Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu yangu aligongwa na matatu akiwa kwenye boda hapa Kondele. Mbavu zimevunjika, yuko ICU siku ya nne kwenye ventileta na oksijeni bado inashuka. Binamu yetu aliye Ulaya anasema kuna pafu la mashine linaloitwa ECMO. Si ndilo hilo alilowekewa? — Dada wa mgonjwa, Kisumu

Pole sana dada, Mungu amjalie nafuu. Hapana, hizo ni mashine mbili tofauti. Ventileta husukuma hewa ndani ya mapafu yake mwenyewe. Pafu lililopondeka hujaa damu na maji, kwa hiyo hewa inafika lakini oksijeni haivuki kuingia kwenye damu. ECMO huyaacha mapafu kando kabisa. Damu nyeusi hutolewa kwenye mshipa mkubwa wa kinenani kupitia mrija wenye unene wa karibu milimita 8, ikasukumwa na pampu inayozunguka, ikapita kwenye kichujio chenye maelfu ya nyuzi za plastiki zilizo wazi katikati. Damu hupita nje ya nyuzi, oksijeni hupita ndani yake, na vinabadilishana kupitia ukuta mwembamba wa uzi. Kisha damu hurudishwa mwilini kupitia shingoni, sasa ikiwa nyekundu. Kwa mtu mzima ni lita 4 hadi 5 kila dakika, mchana na usiku, mara nyingi kwa wiki moja au mbili.

Mashine hiyo haitibu pafu. Inampa mgonjwa muda wa kupona huku ventileta ikipunguzwa nguvu isiendelee kuliumiza pafu. Mtu mzima wa kwanza kuokolewa kwa njia hii, mwaka 1971 huko Marekani, alikuwa majeruhi: kijana wa miaka 24 aliyepasuka aorta (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) ajalini, akakaa kwenye mashine kwa saa 75.

Kabla ya kuifikiria ECMO, yako mambo matatu ya kumuuliza daktari wa ICU leo, maana yote hufanyika hapa hapa Kisumu. La kwanza, je, imehakikishwa kwa eksirei au ultrasaundi kwamba hakuna hewa au damu iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua? Mrija wa kifua ulioziba unaweza kuonekana kama pafu lililoshindwa. La pili, je, kiasi cha hewa cha ventileta kimekadiriwa kwa urefu wake, si kwa uzito wake wa kitandani? Mwanamume wa sentimita 170 anakadiriwa kuwa na kilo 66, na mililita 6 kwa kila kilo ni kama mililita 400 kwa pumzi moja. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 6 na 12, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. La tatu, amelazwa kifudifudi? Utafiti wa Ufaransa na Uhispania wa mwaka 2013, ambapo wagonjwa wa mapafu mabaya zaidi walilazwa kifudifudi angalau saa 16 mfululizo, ulionyesha vifo vya siku 28 vikishuka kutoka karibu asilimia 33 hadi 16. Mbavu zilizovunjika pekee si kizuizi. Uti wa mgongo au nyonga isiyo imara ndiyo kizuizi.

Yote matatu yakiwa yamefanyika na bado anashuka, mwombe daktari mkuu wa zamu apige simu mwenyewe kwa kituo chenye ECMO, na afanye hivyo siku hiyo hiyo. Usidhani kila hospitali yenye ICU inayo. Kabla ya kumhamisha, pitia ofisi ya SHA (mamlaka ya bima ya afya ya serikali) ya hospitali mjue kitakacholipwa na kitakachobaki kwenu.

Mimi ni afisa wa kliniki. Nimesoma kwamba kuna alama ya RESP ya kutabiri nani atatoka hai kwenye ECMO. Inahesabiwaje, na inafaa kwa majeruhi? — Nakuru

Alama hii ilichapishwa mwaka 2014 kutokana na rekodi za wagonjwa 2,355 wa mapafu walioingizwa ECMO kati ya 2000 na 2012. Inatumia yale yanayojulikana kabla mashine haijawashwa, na kinachotabiriwa ni kutoka hospitalini hai.

Anza na umri. Miaka 18 hadi 49 ni sifuri, 50 hadi 59 unatoa 2, 60 na zaidi unatoa 3. Aliyedhoofika kinga unamtoa 2. Halafu muda aliokaa kwenye ventileta kabla ya ECMO: chini ya saa 48 unaongeza 3, saa 48 hadi siku 7 unaongeza 1, zaidi ya hapo sifuri. Kwa ugonjwa wenyewe, majeraha na moto huongeza 3, sawa na nimonia ya bakteria au ya virusi. Aliyevuta matapishi mapafuni huongeza 5, na pumu huongeza 11, maana pumu kali ikipita pafu hurudi karibu zima. Magonjwa mengine ya ghafla ya pafu huongeza 1. Ubongo ukiwa umeumia au mgonjwa ana degedege, unatoa 7. Maambukizi mahali pengine mwilini nje ya mapafu, toa 3. Moyo uliosimama kabla ya mashine, toa 2, na dripu ya bikaboneti, toa 2. Naitriki oksaidi, toa 1. Kabonidayoksaidi ya damu ikifika 75, toa 1. Shinikizo la juu kabisa la ventileta likifika 42, toa 1. Dawa ya kulegeza misuli inaongeza 1.

Jumla ya 6 na zaidi, asilimia 92 walitoka hai. Kati ya 3 na 5, asilimia 76. Kati ya -1 na 2, asilimia 57. Kati ya -5 na -2, asilimia 33. Kuanzia -6 kushuka, asilimia 18.

Sasa chukua mfano wa abiria wa boda wa miaka 34, mapafu yote mawili yamepondeka, CT ya kichwa ni safi, yuko kwenye ventileta kwa saa 30, amepewa dawa ya kulegeza misuli, kabonidayoksaidi ni 80 na shinikizo ni 44. Saa zinampa 3, jeraha 3, dawa 1. Kabonidayoksaidi na shinikizo vinamnyang'anya 2. Jumla ni 5, daraja la asilimia 76. Mwache mtu huyo huyo asubiri hadi siku ya nane ndipo apelekwe: zile 3 za saa zinapotea, anabaki na 2, na ameshuka hadi daraja la asilimia 57 bila jeraha lolote jipya. Na kama CT ile ya kwanza ingeonyesha ubongo umevuja damu, 5 ingekuwa -2, yaani asilimia 33. Ukiitazama alama kwa jicho hilo, faida yake kubwa kwa daktari wa rufaa ni kumwonyesha gharama ya kuchelewa.

Je, inafaa kwa majeruhi? Inafaa kwa tahadhari. Wengi wa wale 2,355 hawakuwa majeruhi. Alama haiulizi damu iliyopotea, ini lililopasuka, laktati (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni) wala chupa za damu alizoongezewa, na mara nyingi hayo ndiyo yanayomuua majeruhi mapema. Ndiyo maana huwekwa pembeni ya alama ya ukali wa majeraha, ile ya ISS. Hiyo unachukua maeneo matatu ya mwili yaliyoumia zaidi, unaupandisha ukali wa kila moja kwa kipeo cha pili, kisha unajumlisha. Kifua cha ukali wa 4, paja la 3 na tumbo la 2 ni 16 na 9 na 4, yaani 29. Zaidi ya 15 ni majeraha makubwa, na 75 ndiyo kikomo. Tungeongeza vitu vitatu ambavyo havihitaji fomula: laktati inayokataa kushuka baada ya saa kadhaa za matibabu, joto la mwili chini ya nyuzi 35, na pH ya damu (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) chini ya 7.2. Vikikutana na damu isiyoganda, tatizo la kwanza si pafu. Mgonjwa anahitaji damu, blanketi na upasuaji kabla ya mashine yoyote.

Daktari alituambia baba ana asilimia 57. Ina maana ataishi? — Bungoma

Ina maana kwamba kati ya wagonjwa 100 waliofanana naye kwa vigezo hivyo, 57 walitoka hospitalini hai na 43 hawakutoka. Baba yenu yuko upande gani, namba haisemi. Alama ya RESP yenyewe, katika rekodi zilizoizaa, ilikuwa na uwezo wa kutofautisha wa 0.74, ambapo 0.5 ni kurusha shilingi na 1 ni kutokosea kamwe. Kwa maneno mengine, ukichukua aliyepona mmoja na aliyefariki mmoja, mara 74 kati ya 100 aliyepona ndiye atakayekuwa na alama ya juu. Inatosha kupanga mazungumzo. Haitoshi kumzima mtu mashine.

Nafanya kazi ICU. Vitabu vinasema uwiano wa oksijeni ya damu (ikigawanywa kwa sehemu ya oksijeni iliyo kwenye hewa anayovuta mgonjwa) chini ya 300 ni ugonjwa wa mapafu. Hapa hata wazima wanakaribia namba hiyo. Tunakosea wapi? — Nesi, Eldoret

Hamkosei, dada. Vizingiti vya vitabu vinahesabiwa kwa shinikizo la hewa la usawa wa bahari, milimita 760 za zebaki. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu na shinikizo lake ni kama 590. Asilimia 21 ya 760 ni 160, lakini asilimia 21 ya 590 ni 124 tu. Nesi mzima wa afya hapo anaweza kuwa na oksijeni ya damu ya 68 akivuta hewa ya kawaida. Gawa kwa 0.21 upate 324, na hajaumwa popote.

Suluhisho ni kukizidisha kizingiti kwa shinikizo la mji wako, kisha ugawe kwa 760. Nakuru, kwa shinikizo la kama 610, 300 inakuwa 241. Kisumu, ambako ni kama 665, inakuwa 262. Hili linagusa ECMO moja kwa moja. Katika utafiti wa EOLIA wa mwaka 2018, mgonjwa aliingizwa kama uwiano wake ulikuwa chini ya 50 kwa zaidi ya saa 3, au chini ya 80 kwa zaidi ya saa 6, au pH chini ya 7.25 na kabonidayoksaidi 60 na zaidi kwa saa 6. Ile 80 kwa Eldoret ni kama 62. Mkitumia 80 bila kurekebisha, mtamwita mgonjwa mbaya mapema kuliko alivyo.

Angalizo moja. Utaikuta fomula hii imeandikwa kana kwamba unazidisha namba ya mgonjwa. Ukifanya hivyo unamshusha zaidi mtu ambaye tayari ameshushwa na mwinuko, na kifizikia hilo haliingii akilini. Rekebisha kizingiti, namba ya mgonjwa iache ilivyo. Na shinikizo halisi liulize kwa kituo cha hali ya hewa au lisome kwenye mashine yenu ya gesi za damu, ambayo huwa na barometa ndani.

ECMO inahitaji heparini ili damu isigande kwenye mirija. Majeruhi anavuja damu. Si ni kumuua? — Mwanafunzi wa uuguzi, Kakamega

Kwa miaka mingi hofu hiyo iliwafungia mlango majeruhi, na haikuwa ya bure. Kilichobadilika ni vifaa. Mirija ya sasa imepakwa ndani dawa inayozuia damu kushika, na damu inayokwenda kasi, zaidi ya lita 3 kwa dakika, haipati nafasi ya kutulia ikaganda. Kwa hiyo majeruhi anaweza kuendeshwa saa 48 hadi 72 za kwanza bila heparini kabisa, wakati mwingine hata zaidi. Uvujaji ukikoma na CT ya kichwa ikirudiwa bila badiliko, heparini huanzishwa polepole bila dozi kubwa ya mwanzo.

Bei yake ipo. Bila heparini, pafu la mashine huanza kuganda. Muuguzi humulika kichujio kwa tochi kila zamu: mabonge meusi yanaonekana kwenye kona za upande damu inakoingilia, na nyuzi nyeupe za utando upande inakotokea. Bonge la upande wa kuingilia huvumiliwa. La upande wa kutokea linaweza kumfuata mgonjwa mwilini, na huko ndiko pa kuogopa. Kichujio cha akiba lazima kiwe karibu.

Kanuni isiyobadilika ni kuzuia damu kwanza. Mrija wa kifua ukitoa zaidi ya mililita 1,500 mara moja, au zaidi ya 200 kwa saa kwa saa kadhaa mfululizo, huyo ni mgonjwa wa thieta. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10 kisha gramu 1 kwa saa 8, ina faida ikianza ndani ya saa 3 tangu ajali. Baada ya hapo inaweza kudhuru.

Binti yetu alipata ajali ya gari akiwa kazini Uingereza. Yuko kwenye ECMO siku ya tisa, hospitali hutupigia kila jioni. Tuulize nini? — Wazazi, Kericho

Poleni, wazazi wetu. Kwanza msishtuke mkiambiwa oksijeni yake ni 85. Kwenye ECMO ya mapafu peke yake kiwango hicho huvumiliwa, kwa sababu damu iliyopitia mashine huchanganyika na ile isiyopitia.

Ulizeni juu ya ubongo kabla ya mapafu: mboni zinaitikia mwanga, na akipunguziwa usingizi anafumbua macho au anashika mkono? Kisha figo: anakojoa kiasi gani, au amewekwa kwenye dayalisisi? Figo zilizokufa katikati ya safari hupunguza matumaini kuliko picha mbaya ya kifua. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi huashiria chembe nyekundu za damu zinapasuliwa na pampu.

Halafu ulizeni ni gesi kiasi gani inapitishwa kwenye pafu la mashine leo kuliko juzi. Gesi hiyo ndiyo inayoondoa kabonidayoksaidi. Ikishuka kutoka lita 6 hadi 3 bila damu kuharibika, mapafu yake yanaanza kazi. Jaribio la kumtoa hufanyika hivi: gesi inafungwa kabisa, damu inaendelea kuzunguka, na wanamwangalia kwa saa kadhaa akipumua kwa ventileta ya nguvu ndogo. Akistahimili, mirija inatolewa.

Mnaweza pia kusikia kwamba mirija imetikisika kitandani. Hutokea pampu ikivuta kwa nguvu kuliko damu iliyopo kwenye mshipa, hadi mshipa unaifunga ncha ya mrija. Sababu huwa damu imepungua, hewa imejaa kifuani au pampu imezidishwa mwendo. Dawa yake ni kupunguza mizunguko na kutafuta damu inavuja wapi. Kuongeza mizunguko huzidisha tatizo.

Kaunti yetu inunue moja basi, tuache kupeleka watu mbali. — Migori

Mashine yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Inataka muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja saa zote 24, mtaalamu wa pampu anayepatikana usiku, upasuaji wa dharura, na benki ya damu isiyokauka. Shirika la kimataifa la ECMO, ELSO, linashauri kituo kisifanye chini ya wagonjwa 6 kwa mwaka, maana mikono husahau. Stima ikipotea na betri ikaisha, mtu anasimama hapo akizungusha kwa mkono mpini unaoiendesha pampu kwa mizunguko maelfu kwa dakika. Mpini huo hutundikwa kwenye mashine kwa kazi hiyo.

Kwa fedha za mashine moja, tungenunua kwanza vipimo vya gesi za damu vinavyofanya kazi kila siku na tungewafundisha wauguzi kulaza mgonjwa kifudifudi. Katika EOLIA yenyewe, waliowekwa ECMO walikufa asilimia 35 ndani ya siku 60, na waliotunzwa vizuri kwa ventileta asilimia 46, tofauti ambayo kitakwimu haikufikia kiwango cha uhakika. Soma tena hiyo 46: zaidi ya nusu ya wagonjwa wabaya kabisa waliishi, wengi wao bila ECMO, kwa ventileta na kifudifudi.

Nasoma takwimu za afya. Nataka kujenga modeli ya kutabiri vifo vya majeruhi wanaoingia ICU kwa kutumia faili za hospitali. Nianzie wapi? — Maseno

Anzia kwenye saa. Amua wakati wa kutabiri, mathalani saa ya kwanza ICU, na usiingize chochote kilichojulikana baadaye. Modeli nyingi za wanafunzi huonekana hodari kwa sababu zimelishwa "alifanyiwa dayalisisi" au "siku alizokaa", ambayo ni majibu yaliyovaa sura ya vigezo.

Pili, hesabu vifo kabla ya kuhesabu vigezo. Ukiwa na majeruhi 60 na vifo 25, kanuni ya vifo 10 kwa kigezo kimoja inakuruhusu vigezo 2, labda 3. Ukiingiza 15, kompyuta itakariri faili zako na itashindwa kwenye faili za hospitali jirani.

Tatu, chunguza yasiyoandikwa. Kipimo cha gesi za damu kinachokosekana mara nyingi ni cha mtu aliyekufa kabla ya kupimwa, au cha wiki ambayo vifaa vya mashine vilikwisha. Ukiwafuta hao wote unabaki na wenye bahati. Vivyo hivyo waliohamishwa: usiwaandike kuwa hai kwa sababu tu waliondoka na ambulensi. Piga simu siku ya 30.

Kwa vigezo, tungeanza na alama ya Kampala, iliyotengenezwa Uganda kwa hospitali zisizo na CT kila wakati. Inaomba umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, kiwango cha fahamu (yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, haitikii) na idadi ya majeraha makubwa. Muuguzi wa mapokezi anaweza kuijaza akiwa amesimama. Ongeza oksijeni ya kidoleni pamoja na kiasi cha oksijeni anachopewa, kisha uone kama utabiri unaboreka.

Na usiishie kwenye uwezo wa kutofautisha. Linganisha utabiri na yaliyotokea: waliopewa asilimia 20 ya kufa, walikufa kweli 20 kati ya 100? Modeli iliyotoka Ulaya mara nyingi huwapanga wagonjwa wetu vizuri lakini ikakadiria vifo vichache kuliko vilivyopo. Kabla ya kugusa faili moja, pata kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na utafiti), na uyaondoe majina kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Tunahamisha majeruhi aliye kwenye ventileta kutoka Nakuru kwenda Nairobi. Oksijeni kiasi gani itatosha? — Mhudumu wa ambulensi

Hesabu kana kwamba anatumia oksijeni tupu, hata kama yuko kwenye asilimia 60. Hewa yake kwa dakika ni kama lita 7, ongeza lita 1 ya mashine, upate 8. Ventileta nyingine za safari hula zaidi ya hiyo lita 1, kwa hiyo soma kitabu chake. Safari ni kama kilomita 160. Weka saa 4 kwa sababu ya foleni ya malori, yaani dakika 240. Mara 8 ni lita 1,920. Zidisha mara mbili kwa akiba: 3,840.

Kilichomo kwenye mtungi ni lita za ujazo wake mara bar inayosomeka kwenye geji. Mtungi wa lita 10 wenye bar 137 una kama lita 1,370, kwa hiyo unahitaji mitatu iliyojaa. Usome geji mwenyewe, usimwamini aliyekuambia "imejazwa jana". Ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono) ikae juu ya kifua cha mgonjwa, si kabatini, kwa sababu betri ya ventileta haitangazi siku yake ya kufa.

Barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,200 kuelekea Limuru, na oksijeni ya kidoleni itashuka kidogo hata kama hakuna kilichoharibika, kwa hiyo ongeza kabla ya mlima. Ikishuka ghafla, pitia mambo manne kwa mpangilio: mrija wa koo umesogea, umeziba, hewa imejaa kifuani, au mashine imekorofisha. Mwenye mrija wa kifua, chupa ikae chini ya usawa wa kitanda safari nzima, na mrija usibanwe kwa klampu hata wakati wa kumpandisha garini.